Mizani na Kura: Habari za Marehemu Paul Bomani, Katibu wa Ushirika Aliyeingia Barazani



Halmashauri ya sherehe ilipotugawia kurasa hizi, ilitutaka tuandike habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yana mafunzo kwa wakulima wenye ushirika. Hatukukawia kuchagua. Tumemchagua Marehemu Paul Bomani, ambaye wazee wetu walimjua kwa mizani kabla Serikali haijamjua kwa hotuba. Wengi wetu tunaoshika kalamu na vitabu vya hesabu leo hatukuwa tumezaliwa siku zile, na tumezipata habari zake kwa kusoma na kwa kuulizia. Hata hivyo twaona kwamba hapana mwanasiasa mwingine wa nchi yetu ambaye safari yake ilianza karibu hivi na meza ya katibu wa ushirika. Tena yako mambo katika safari hiyo ambayo Chama chetu chayahitaji sana mwaka huu, kama tutakavyoonyesha mwishoni.

Bwana Bomani alizaliwa Januari 1, 1925, Ikizu, katika upande wa Musoma. Alisoma katika shule za misheni, na baada ya masomo, tangu 1945 hata 1947, alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Kisha akaenda Mwanza, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika mjini humo. Umri wake ulikuwa miaka 22 tu.

Hapana budi tueleze hali ya mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa katika siku hizo, maana bila ya kuielewa hali hiyo hatutaelewa kwa nini kijana karani akawa kiongozi. Mkulima alilima, akapanda, akapalilia, akachuma, akachambua pamba safi na pamba fifi, kisha akaibeba kichwani au juu ya baiskeli mpaka mahali pa kuuzia. Huko alimkuta mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma ni mnunuzi, aliyeandika ni mnunuzi, na aliyelipa ni yeye yule. Mkulima hakujua kusoma mizani, na hata aliyejua hakupewa nafasi ya kusogea. Malalamiko yakawa mengi kwamba ratili hupotea kati ya kapu na daftari. Mtu aweza kuvumilia bei ndogo kwa kuwa soko la dunia limeanguka, lakini ni vigumu kuvumilia kuibiwa jasho lililokwisha kutoka.

Bwana Bomani na wenzake walizunguka vijijini kusikiliza malalamiko hayo. Walipoanza kuwaunganisha wakulima, hawakuanza kwa kudai vinu wala mabenki. Walianza kwa kudai jambo dogo, yaani mtu wa mkulima asimame kando ya mizani ya mnunuzi, aisome, na aseme kwa sauti alichokiona. Kwa jambo hilo umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa ulipata nguvu kuanzia 1952, na wakulima walikubali kuchanga fedha zao ili msimamizi huyo awepo. Kutoka katika msimamizi wa mizani kikazaliwa chama cha msingi, na kutoka katika vyama vya msingi vikazaliwa vyama vikuu.

Katika 1953 na 1954 Bwana Bomani alikuwa Uingereza, akisoma katika Chuo cha Ushirika kilicho karibu na Loughborough. Aliporudi, vyama vikuu vya pamba viliungana 1955 kuwa shirikisho moja lililoitwa Victoria Federation, na yeye akawa Meneja Mkuu wake. Mwaka uliofuata shirikisho lilipata kinu chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, pale Kasamwa katika Geita. Kufikia 1959 pamba yote ya jimbo ilikuwa ikinunuliwa na wakulima wenyewe kwa njia ya vyama vyao. Katika muda wa miaka saba mkulima alitoka katika kusimama kando ya mizani akawa mwenye mizani.

Sasa tutazame safari yake ya siasa, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Bwana Bomani alikuwa kiongozi wa chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa kabla TANU haijazaliwa Julai 7, 1954. Serikali ya kikoloni haikuruhusu TANU kuandikisha matawi Usukumani tangu 1954 hata 1958. Kwa hiyo katika miaka hiyo mkutano wa ushirika ulikuwa mahali pekee ambapo mkulima wa huko aliweza kuinua mkono na mkono wake ukahesabiwa. Shule ya kwanza ya kura kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa ilikuwa chini ya mti, mbele ya ghala la pamba.

Katikati ya miaka hiyo ya 1950 Bwana Bomani aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Tuseme kweli: aliingia kwa kuteuliwa na Gavana. Wajumbe wasio wa Serikali katika Baraza la 1955 walikuwa 30, nao waligawanywa sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, ingawa Waafrika ndio waliokuwa karibu watu wote wa nchi. Aliyepima nani afaa kukaa Barazani alikuwa Gavana. Mizani ilikuwa bado mkononi mwa mnunuzi.

Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanyika mara mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mwenye haki ya kupiga kura, nao hawakuwa wengi, alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wakubali kuingia katika uchaguzi huo pamoja na masharti yake, na watu wa TANU wakashinda. Ukaja uchaguzi wa Agosti 1960. Viti vilikuwa 71, na katika viti 58 mgombea wa TANU alipita bila kupingwa. Baada ya ushindi huo Bwana Bomani akawa Waziri wa Kilimo na Ustawi wa Ushirika, na 1962 akawa Waziri wa Fedha. Yule karani wa Mwadui sasa ndiye aliyesoma hesabu za taifa zima, na Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ulimkuta akiwa katika kiti hicho.

Mtu angetazamia kwamba hadithi yaishia hapo, kwa makofi. Haikuishia hapo. Mwaka 1965 nchi ilikuwa na chama kimoja, na wengi waliogopa kuwa kura itakuwa jina tu. Lakini Mwalimu na wenzake waliweka kanuni kwamba katika kila jimbo wasimame wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, watu wachague. Katika Septemba 1965 wapiga kura wa Mwanza walimpima Waziri wa Fedha, mtu aliyewapa baba zao mizani, na wakamwona mwepesi. Bwana Bomani alishindwa.

Kura ya siri haidaiwi sababu. Linalotupasa kulitafakari ni lile lililofuata. Hakuna aliyeipindua kura ile. Rais alimteua Bwana Bomani kuwa mbunge kwa madaraka yake, akampa wizara ya mipango ya uchumi, kwa kuwa ujuzi wake ulihitajiwa. Baadaye alikuwa Balozi wetu Marekani tangu 1972 hata 1983. Alifariki Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80. Alitumikia nchi yake miaka mingi baada ya kushindwa kuliko miaka aliyoitumikia kabla ya kushindwa. Kwa hiyo wasemao kuwa kushindwa katika kura ni kufukuzwa katika utumishi, na waitazame njia ya mtu huyu.

Ushirika nao ulipimwa. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi mno. Mwaka 1961 vilikuwa 857, na katika miaka mitano hivi vikapita 1,500. Makarani wenye ujuzi hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Wakulima wakaanza kulalamika tena, na safari hii waliolalamikiwa walikuwa ndugu zao. Makato yalizidi, wafanya kazi walizidi, na jamaa walipeana kazi. Tume Maalum ya Rais ya 1966 ilichunguza ikakuta upungufu wa uaminifu, upendeleo, na wanachama wasioelezwa mambo ya vyama vyao. Mwaka 1967 Serikali ilishika uongozi wa Victoria Federation, na 1968 vyama vya pamba vikaunganishwa kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa, na ilipasa kungoja Sheria ya 1982 ndipo virudi. Wanachama ndio waliopata hasara kubwa, maana chama kilichokataa kupimwa na wenyewe kilipimwa na wengine, na walioitwa wenye mali hawakuulizwa.

Hapa twarudi nyumbani. Wasomaji wengi wakumbuka msimu wetu wa tatu, mama mmoja mwanachama alipofika kituoni na mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Hakusema neno. Aliomba uwekwe juu ya mizani yetu. Mizani ikasema 47. Tulikuwapo, na hatutaficha aibu yetu: neno letu la kwanza lilikuwa kwamba mama yule amekuja kuleta fujo, na baadhi ya viongozi walitaka aitwe mbele ya Bodi akaripiwe. Mkutano Mkuu ndio uliotuokoa. Uliamuru kila kituo kiwe na jiwe la kupimia lililokaguliwa, na mwanachama yeyote aweze kulidai wakati wowote kabla ya mzigo wake kupimwa. Jiwe hilo lipo mpaka leo. Mwaka ule wanachama waliotuacha walianza kurudi, nasi twaamini walirudi kwa sababu ya jiwe kuliko kwa sababu ya hotuba zetu.

Katika Mkutano Mkuu wa sherehe hii utafanyika uchaguzi wa Bodi. Tumesikia shauri, nalo limetolewa kwa nia njema, kwamba kwa heshima ya miaka kumi wajumbe waliopo wapitishwe kwa makofi, bila kupingwa, ili siku ya furaha isitiwe doa. Sisi ni watumishi wa Bodi hiyo. Twaijua kazi yake na twaiheshimu. Lakini twaomba ruhusa ya kusema kwamba heshima ya namna hiyo si heshima. Kumpitisha mtu bila kumpima ni kuuondoa mkono wa mkulima katika mizani kwa mara ya pili, na safari hii ni mkulima mwenyewe auondoaye. Mjumbe aliyefanya kazi vizuri atarudi kwa kura, na atarudi akiwa mzito zaidi. Atakayeshindwa hatakuwa ametupwa, kwa kuwa chama kina kazi nyingi zinazomngojea mtu mwenye ujuzi. Tusisahau pia kwamba akiba ile iliyo katika vitabu vyetu si ya Bodi wala si ya Katibu.

Basi, wanachama wapenzi, wazee wetu walianza kwa kumtuma mtu mmoja asimame kando ya mizani na aseme alichokiona. Siku ya Mkutano Mkuu njooni wote, wake kwa waume, mkae karibu, msome hesabu, mwulize maswali, kisha mpige kura. Nasi tutakaohesabu tutahesabu mbele ya macho yenu.

Ushirika udumu, na Mungu aubariki msimu ujao.