Kipimo Kinachotangulia Kushona Kifua

Mei 1967, katika hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, daktari René Favaloro kutoka Ajentina alichukua kipande cha mshipa wa mguuni akakipandikiza kwenye moyo ili damu ipate njia palipoziba. Upasuaji huo ulienea upesi. Lakini kabla ya kushona kifua, daktari atajuaje kwamba damu inapita kweli?

Wengi waliugusa tu mshipa mpya kwa kidole kusikia mapigo. Kidole ni shahidi mbaya: hata mshipa ulioziba mwishoni hupiga, kwa kuwa moyo unausukuma kutoka upande wa pili. Vipimo vya sumaku, ambavyo Alexander Kolin alivionyesha tangu 1936, vilikuwapo, ila vilisumbua. Vilitaka kuubana mshipa sawasawa na kurekebishwa kila mara.

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Cornell, alikofanya kazi Cor Drost, aliyebuni kipimo cha mawimbi ya sauti na mwaka 1983 akaanzisha kampuni ya kukitengeneza. Kifaa chenyewe ni kidogo, kama ndoano inayokumbatia mshipa, na hupakwa jeli ili hewa isiingie kati. Wimbi moja hutumwa kufuata damu, jingine kuikabili. La kwanza hufika mapema kidogo, na tofauti hiyo ya muda humwambia daktari ni mililita ngapi zinapita kwa dakika.

Mwongozo wa Ulaya wa 2014 ulitaja dalili za mshipa wa kutiliwa shaka: mtiririko chini ya mililita 20 kwa dakika, na kipimo cha mdundo, yaani jinsi mtiririko unavyopanda na kushuka, kinachozidi 5. Hapo daktari hukagua mshono, na ikibidi huurudia mgonjwa akiwa bado mezani. Namba peke yake haitoshi, kwani presha ikishuka, mtiririko nao hushuka.

Tena mshipa wa asili usiobanwa sana hushindana na ule mpya. Ndiyo maana kazi ya Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji, ya kupima presha ndani ya mshipa wa asili kwa waya mwembamba kabla ya upasuaji ili kujua kama kubanwa kwake kunazuia damu kweli, iliwavutia wapasuaji. Utafiti wa GRAFFITI wa 2019 ulionyesha kuwa waliopimwa hivyo walipandikizwa sehemu chache zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, mishipa yao haikuwa wazi kuliko ya wengine.