Fahamu Udhibiti wa Maumivu kwa Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Kidole Tumbo Anayetibiwa Bila Upasuaji

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Tundu lake likizibwa, mara nyingi kwa kinyesi kilichokauka au kwa uvimbe wa tezi zilizomo ndani yake, bakteria huzaliana, kijifuko huvimba na mtoto huanza kuugua. Upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kukiondoa ulifanyika London mwaka 1735, na mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 11. Hadi leo upasuaji ndiyo tiba kuu. Hata hivyo, kwa watoto ambao ugonjwa haujakomaa, dawa za antibayotiki pekee zimethibitika kuwa njia nyingine inayoweza kufikiriwa na daktari pamoja na mzazi.

Njia hiyo si ya kila mtoto. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali 10 za Marekani na kuchapishwa mwaka 2020, waliokubaliwa ni wale ambao maumivu hayajazidi saa 48, picha ya altrasaundi au kipimo kingine haioneshi usaha, kupasuka wala kijiwe cha kinyesi, na kidole tumbo hakijazidi upana wa sentimita 1.1. Kati ya watoto 370 waliochagua dawa, takriban theluthi mbili hawakuhitaji upasuaji ndani ya mwaka mmoja, na siku zao za kushindwa kufanya shughuli za kawaida zilikuwa wastani wa 6.6 ikilinganishwa na 10.9 kwa waliopasuliwa. Utafiti mwingine wa watoto 936 katika Kanada, Marekani, Ufini, Uswidi na Singapore, uliochapishwa mwaka 2025, uliona kwamba tiba ya dawa ilishindwa kwa asilimia 34 ya watoto. Mzazi anayeridhia njia hii anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kutia saini.

Hapo ndipo suala la maumivu linapokuwa zito. Mtoto aliyepasuliwa, chanzo cha maumivu kimeondolewa. Yanayobaki ni ya kidonda. Mtoto anayetibiwa kwa dawa bado ana kidole tumbo kilichovimba, na maumivu yake ni mateso na pia ni taarifa. Yanatakiwa kutulizwa, na wakati huohuo yanatakiwa kusomwa.

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kutompa mgonjwa wa tumbo dawa ya maumivu kabla ya kuonwa na mpasuaji, kwa hofu kwamba dawa ingeficha ugonjwa. Tafiti zilizofanywa kwa watoto tangu miaka ya 2000, zikiwamo za mofini, hazikuonesha kwamba kutuliza maumivu hospitalini kunazuia utambuzi wa ugonjwa. Mtoto aliyetulizwa huweza hata kukubali kuguswa tumbo, jambo linalomrahisishia daktari kazi. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, mtoto amepewa nini cha maumivu?" Si utovu wa nidhamu.

Nyumbani, kabla ya vipimo, hali ni tofauti. Mtoto anayelalamika tumbo kuzunguka kitovu, kisha maumivu yakahamia kulia chini, akakataa chakula, akatapika na kupata homa, aghalabu huambiwa ana chango. Hukandwa tumbo, hupewa dawa ya kuharisha, au hunyweshwa mchemsho wa magome. Kukanda kwa nguvu na dawa za kuharisha ni hatari, kwani huweza kuchangia kidole tumbo kupasuka. Dozi moja ya parasetamoli njiani kuelekea kituo cha afya haina ubaya. Ubaya ni kuirudia siku mbili nyumbani kwa kuwa homa imeshuka.

Wodini, mtoto kwa kawaida hupewa antibayotiki kwa mshipa kwa angalau saa 24, kisha za kunywa hadi zitimie takriban siku 7. Mwanzoni huzuiwa kula, hivyo dawa ya maumivu nayo hupitia kwenye mshipa. Msingi ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi mara 4 kwa saa 24. Ibuprofeni huongezwa ikiwa mtoto hana upungufu wa maji wala tatizo la figo. Mtoto aliyetapika usiku kucha hurudishiwa maji kwanza. Maumivu yakiwa makali, mofini kwa kipimo cha uzito na chini ya uangalizi ni dawa sahihi, wala haimfanyi mtoto kuwa mraibu kwa matumizi ya siku moja au mbili. Kodeini na tramado hazifai kwa walio chini ya miaka 12, kwa sababu baadhi ya watoto huzibadilisha mwilini kwa kasi na kushindwa kupumua. Aspirini nayo haifai kwa watoto.

Mtoto mdogo hawezi kusema maumivu ni kiasi gani. Muuguzi hutazama uso, miguu, kilio na jinsi anavyotulizika. Mkubwa kidogo huoneshwa picha za nyuso achague yake. Mama au bibi aliyekaa naye huona zaidi ya kipimo chochote, hasa mtoto anapolala kimya bila kutaka kujigeuza. Ukimya huo si nafuu.

Baada ya ruhusa, dawa ipimwe kwa uzito, si kwa kukisia kijiko. Mtoto wa kilo 20 huhitaji miligramu 200 hadi 300 za parasetamoli kwa dozi, na mzazi asome chupa, kwani dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake na dozi hujirudia bila mtu kujua.

Maumivu yanatarajiwa kupungua siku hadi siku. Yakiongezeka licha ya dawa, tumbo likakakamaa, homa ikarudi, mtoto akatapika dawa au akashindwa kutembea wima, arudishwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri dozi inayofuata. Ishara inayodanganya wengi ni maumivu makali kukoma ghafla kisha kuenea tumbo zima: huenda kidole tumbo kimepasuka.

Umbali nao ni sehemu ya uamuzi. Familia ya Sekei hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru kwa miguu au kwa bodaboda hata usiku wa manane. Familia ya Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, haina wepesi huo, na ni busara kumweleza daktari mapema. Anaweza kumbakiza mtoto wodini zaidi, au kushauri upasuaji tangu mwanzo.

Wengi wanaorudiwa na ugonjwa hurudiwa ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa kipindi hicho karatasi ya ruhusa na majibu ya altrasaundi vihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, na mwalimu wa darasa aelezwe, ili mtoto akishika tumbo upande wa kulia shuleni asipewe kidonge na kurudishwa kwenye dawati.