Muuguzi aliyekataa kuvua sare

Mwaka 1970 Kapteni Susan Struck, muuguzi wa Jeshi la Anga la Marekani, alikuwa Vietnam alipogundua kuwa ni mjamzito. Kanuni za jeshi zilimwachia njia mbili: atoe mimba, huduma ambayo hospitali za jeshi zilikuwa zikiitoa, au aache kazi. Struck alikuwa Mkatoliki, na kutoa mimba hakukubali. Kazi nayo alikuwa anaipenda. Akawaambia wakubwa wake kwamba mtoto akizaliwa atapewa wazazi wengine wamlee, na kwamba siku za kujifungua zitatoka kwenye likizo yake mwenyewe aliyokuwa amejilimbikizia. Jeshi lisingepoteza kitu. Hata hivyo lilimrudisha Marekani na kuanza taratibu za kumwachisha.

Kanuni hiyo ilikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Tarehe 12 Juni 1948 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyowapa wanawake nafasi ya kudumu katika majeshi, lakini idadi yao isivuke asilimia 2, na vyeo vya juu wakafungiwa. Kisha, Aprili 1951, Truman huyohuyo akatoa Agizo la Rais Namba 10240. Agizo liliyapa majeshi ruhusa ya kumwondoa mwanamke yeyote aliyepata mimba, aliyejifungua, aliyeasili mtoto, au aliyeolewa na mwanamume mwenye watoto wadogo wanaoishi naye nyumbani. Hata mama wa kambo, ambaye hakubeba mimba siku moja, alihesabiwa kuwa hafai. Baba hakutajwa. Hapo ndipo uongo wa kanuni unapoonekana: kama sababu ingekuwa afya ya mjamzito, mama wa kambo asingeguswa, na kama ingekuwa mzigo wa kulea, baba naye angeulizwa. Kilichoandikwa pale kilikuwa hukumu kwamba mwanamke mwenye mtoto hana mahali pengine isipokuwa nyumbani.

Mwaka 1967 sheria mpya iliondoa kikomo cha asilimia 2 na kufungua vyeo vya juu. Kanuni ya akina mama ikaachwa ilivyo.

Mtoto wa Struck alizaliwa Desemba 1970 na akakabidhiwa kwa familia iliyomwasili. Mama yake alirudi kazini huku mawakili wa Muungano wa Uhuru wa Raia wa Marekani wakipigana mahakamani kuahirisha amri ya kumwondoa. Mahakama ya rufaa ilimkatalia, ingawa jaji mmoja alipinga uamuzi wa wenzake. Oktoba 1972 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi. Aliyeandika hoja za Struck alikuwa Ruth Bader Ginsburg, wakati huo mwalimu wa sheria, ambaye miaka 21 baadaye angekuwa jaji wa mahakama hiyohiyo. Alisema kwamba jeshi halimfukuzi mwanajeshi kwa ulemavu mwingine wa muda. Hata aliyezama katika ulevi lilimtibu na kumrudisha kazini. Mjamzito peke yake ndiye aliyeonyeshwa mlango. Huo, Ginsburg alisema, ni ubaguzi wa kijinsia.

Hoja hiyo haikupata kusikilizwa. Mwanasheria wa serikali, Erwin Griswold, aliona hatari ya kushindwa akalishauri Jeshi la Anga limwache Struck abaki. Likakubali, na kesi ikafa kwa kukosa mgogoro. Ginsburg alisimulia baadaye kwamba alimpigia simu mteja wake kuuliza kama kuna jambo lolote bado ananyimwa, ili kesi iendelee kuwa hai. Struck alimjibu kuwa ndoto yake ni kurusha ndege. Wote wawili wakacheka, maana mwaka 1972 lilikuwa jambo lisilowazika. Wanawake wa kwanza walianza mafunzo ya urubani katika Jeshi la Anga mwaka 1976.

Wakati huohuo, Luteni Sharron Frontiero wa kambi ya Maxwell, Alabama, alikuwa na dai la aina nyingine. Aliomba posho ya nyumba na matibabu kwa ajili ya mumewe, mwanafunzi wa chuo. Mwanajeshi wa kiume mwenye mke alipewa haki hizo bila swali. Frontiero alitakiwa kuthibitisha kuwa anamgharimia mumewe zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Januari 1973 Ginsburg alisimama mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu kwa mara ya kwanza kumtetea, na Mei 14 majaji 8 kati ya 9 wakampa Frontiero haki. Naiona kesi hii kuwa na uzito kuliko inavyokumbukwa, kwa sababu ilithibitisha kuwa ubaguzi dhidi ya mwanajeshi wa kike unamnyang'anya mume pia.

Mwaka huohuo Marekani iliacha kuandikisha vijana jeshini kwa lazima. Jeshi la watu wa hiari halikuweza kuendelea kuwafukuza wauguzi na mafundi liliowafundisha kwa gharama kubwa. Mwaka 1975 Wizara ya Ulinzi iliagiza kuwafukuza wajawazito kukome, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatamka, katika kesi ya Stephanie Crawford aliyeondolewa katika kikosi cha Marine, kwamba kanuni ile ilivunja Katiba. Uingereza ilichelewa mpaka 1990, na ililazimika kuwalipa fidia maelfu ya wanawake iliowafukuza.

Mama akabaki kazini, mtoto je? Katika miaka ya 1980 vituo vya kulelea watoto kambini vilikuwa aibu. Majengo mengine hayakuwa salama, walezi walilipwa kidogo na kuhama kila mara, na katika kambi ya Presidio, San Francisco, zilizuka tuhuma za watoto kudhulumiwa kingono. Bunge lilijibu kwa Sheria ya Malezi ya Watoto ya Jeshi ya 1989. Mshahara wa mlezi ulifungamanishwa na mafunzo yake, ada ikapangwa kwa kipato cha familia, na kila kituo kikapaswa kukaguliwa angalau mara 4 kwa mwaka bila taarifa. Raia wengi wa Marekani hawana huduma ya kiwango hicho hadi leo.

Likizo ilikuja polepole zaidi. Mwaka 2015 Waziri wa Jeshi la Wanamaji, Ray Mabus, aliongeza likizo ya uzazi hadi wiki 18. Mwaka uliofuata Waziri wa Ulinzi, Ash Carter, akaweka wiki 12 kwa majeshi yote, jambo lililoipunguza ile ya Mabus. Tangu mwisho wa 2022 wazazi wote wawili, pamoja na wanaoasili, hupata wiki 12 kila mmoja, na anayejifungua huongezewa muda wa kupona. Baba, ambaye agizo la 1951 halikumtaja, sasa ameandikwa kwenye kanuni kama mlezi. Lakini ruhusa ya karatasi inahitaji kamanda asiyemkunjia uso sajini anayeomba kukaa na mtoto wake mchanga, na inahitaji nafasi katika vituo vya watoto, ambavyo katika kambi nyingi vina orodha ndefu za wanaosubiri kwa sababu walezi hawatoshi na mishahara yao bado ni midogo. Fedha za vituo hivyo hupitishwa na Bunge kila mwaka pamoja na za ndege na meli za kivita, na hapo ndipo wazazi waliovaa sare wanapaswa kuendelea kudai.