Aliyeumwa na Mbwa: Historia ya Haki Yake Kitale na Bungoma

Haki ya mtu aliyeumwa na mbwa kudai fidia haimo katika sheria yoyote moja ya Kenya. Bunge halijawahi kupitisha Sheria ya Mbwa inayosema nani alipe, alipe kiasi gani na kwa muda gani. Mkazi wa Kitale au Bungoma anapofika mahakamani na jeraha lake hushika vipande vilivyokusanyika kwa zaidi ya karne moja: kanuni za majaji wa Uingereza, sheria ya kikoloni ya ugonjwa, kifungu kimoja cha Kanuni ya Adhabu na mstari mfupi ndani ya Katiba ya 2010. Katika vipande hivyo mbwa ndiye aliyetangulia kutazamwa, ama kama mali ama kama mbeba maradhi. Aliyeumwa alikuja kukumbukwa baadaye.

Kipande cha kwanza kina tarehe kamili, Agosti 12, 1897. Sheria ya Idara ya Mahakama ya mwaka 1967, Sura ya 8, inaziagiza mahakama zifuate sheria iliyojengwa na hukumu za majaji wa Uingereza, kanuni za usawa, na sheria za Bunge la huko za matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika siku hiyo, kadiri hali ya Kenya na watu wake inavyoruhusu. Tarehe yenyewe ni urithi wa himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Cha ajabu ni kwamba siku hiyo ilipofika, Kitale na Bungoma hazikuwa sehemu ya himaya hiyo. Zilihesabiwa kuwa Uganda, katika Mkoa wa Mashariki, na miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Wabukusu wapigane na Waingereza na washirika wao huko Lumboka na Chetambe, mwaka 1895. Mkoa huo ulihamishiwa upande wa Kenya Aprili 1, 1902. Uganda ikapewa tarehe yake, Agosti 11, 1902. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa Bungoma kesi yake hurejea mwaka 1897, na jirani yake akiumwa ng'ambo ya Malaba hurejea 1902. Kwa suala la mbwa tofauti hiyo haikuwa na uzito, kwa sababu Uingereza ilibadilisha sheria yake ya mbwa mwaka 1906, tarehe zote mbili zikiwa zimekwisha kupita.

Sheria iliyopokewa kwa namna hiyo ilikuwa na mantiki yake. Iligawa wanyama makundi mawili. La kwanza ni wale wanaochukuliwa kuwa wakali kwa maumbile, kama simba au chui. Anayemfuga mmoja wao hulipa madhara yote, hata kama mnyama huyo alikuwa mpole maisha yake yote. Mwaka 1890, katika kesi ya Filburn, mahakama ya Uingereza ilimweka hata tembo aliyefunzwa katika kundi hilo. La pili ni wanyama wa nyumbani: ng'ombe, farasi, paka na mbwa. Mwenye mnyama wa kundi hili hakuwajibika mpaka ithibitishwe kwamba alijua kuwa mnyama huyo mahususi ana tabia ya kudhuru. Kesi iliyosimika msingi huo haikuhusu mbwa bali tumbili. Ni ya May dhidi ya Burdett, ya mwaka 1846, na iliamua kwamba anayemfuga mnyama huku akijua ukali wake atalipa akimuuma mtu, bila kuulizwa kama alimlinda vizuri au vibaya.

Mawakili walizoea kuifupisha kanuni hii kwa kusema kila mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja. Ufupisho huo unapotosha kidogo. Mbwa hakulazimika kuwa ameuma kabla. Ilitosha kwamba alikuwa na mazoea ya kuwarukia watu kwa nia ya kuuma, na kwamba mwenyewe aliyaona au aliambiwa. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha ulimwelemea aliyeumwa, ambaye alitakiwa kujua historia ya mbwa wa mtu mwingine. Kondoo alihudumiwa vizuri zaidi. Tangu mwaka 1865, mwenye kondoo au ng'ombe aliyejeruhiwa na mbwa nchini Uingereza alilipwa bila kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua lolote. Mama wa mtoto aliyeumwa hakupewa nafuu hiyo.

Hapa ndipo kibao cha "Mbwa Kali", ambacho kimetundikwa kwenye malango mengi ya Kitale na Bungoma, kinapokuwa na kazi mbili. Mwenye nyumba hukiweka akiamini kinamkinga, na kwa kiasi fulani kinamkinga, hasa dhidi ya aliyeruka ua usiku. Lakini kibao hichohicho kinaweza kusomwa na hakimu kama kukiri kwamba mwenye mbwa alijua anafuga mnyama wa namna gani.

Wakati kanuni hizo zikipokewa vitabuni, ardhi ilikuwa ikibadilika. Trans Nzoia, eneo la Kitale, ilitengwa kuwa nchi ya walowezi, walioongezeka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Serikali ya kikoloni ilipomtazama mbwa haikumwona aliyeumwa; iliona kichaa. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuthibitishwa nchini kilikuwa cha mbwa mmoja wa viunga vya Nairobi, mwaka 1912. Kifo cha kwanza cha binadamu kilichoandikwa ni cha mwaka 1928, katika eneo la Ziwa Victoria. Majibu yake yamebaki katika Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Humo mwenye mnyama anayeshukiwa hutakiwa kumtenga na kutoa taarifa kwa daktari wa mifugo, mtawala au polisi. Eneo laweza kutangazwa kuwa la udhibiti. Mbwa wanaozurura waweza kukamatwa na kuuawa. Ni sheria ya kukomesha maradhi, na kwa kazi hiyo imepangwa vizuri. Aliyeumwa haimtafutii senti moja.

Lakini inamsaidia kwa njia ya pembeni. Mwenye mbwa anayeficha mnyama mgonjwa, au anayemuua na kumzika kabla daktari hajamwona, amevunja wajibu ulioandikwa, na jambo hilo lina uzito katika kesi ya fidia. Tena hasara anayomletea aliyeumwa ni kubwa. Mbwa aliye hai akizuiliwa na kutazamwa kwa siku 10 huweza kuondoa hofu yote. Kichwa cha mbwa aliyekufa huweza kupimwa katika maabara ya mifugo, Kabete. Mbwa akishazikwa, kinachobaki ni kuchomwa sindano zote.

Mkono wa jinai nao ulikuwepo tangu ukoloni. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinawaweka pamoja dereva mzembe, anayechezea moto, na mtu anayeshindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Wote wana kosa. Kifungu cha 31 kinairuhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, pamoja na adhabu nyingine au badala yake. Vifungu hivi vinajulikana kidogo mno vijijini, ingawa ndivyo vinavyoweza kumfikisha maskini kwenye fidia bila gharama ya kufungua kesi ya madai, maana mashtaka huendeshwa na serikali. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 imeviongezea nguvu kwa kutaja wazi haki ya aliyedhuriwa na uhalifu kufidiwa.

Mabadiliko makubwa zaidi katika madai ya kawaida yalitoka tena Uingereza, lakini baada ya 1897, kwa hiyo yameingia Kenya kwa kushawishi majaji tu, si kwa kuwafunga. Mwaka 1932, katika kesi ya Fardon dhidi ya Harcourt-Rivington, mbwa aliyefungiwa ndani ya gari alivunja kioo, na kipande kikamwingia mpita njia jichoni. Mdai alishindwa, kwa kuwa ajali yenyewe haikutarajiwa. Hata hivyo majaji walikubali kwamba mwenye mnyama, mpole au mkali, ana wajibu wa kutahadhari kama mtu mwingine yeyote. Tangu hapo aliyeumwa ana njia mbili: kuthibitisha kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wake, au kuthibitisha uzembe, kwa mfano lango lililoachwa wazi, mnyororo uliooza, au mbwa wa ulinzi kufunguliwa saa ambazo watoto wanakwenda shule. Njia ya pili ndiyo rahisi zaidi kwa mazingira ya mitaa ya Kitale na Bungoma, ambako mashahidi wa lango lililo wazi hupatikana kwa wingi kuliko mashahidi wa tabia ya mbwa.

Uingereza yenyewe iliandika sheria mpya ya wanyama mwaka 1971. Kenya haikuifuata, na haikuandika yake.

Mahali pa tukio pana sheria zake. Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo, Sura ya 34, inamtaka anayekalia boma kuchukua tahadhari ya kadiri ili mgeni aliyeingia kwa halali asipate madhara. Muuza maziwa, mwendesha boda boda aliyeleta mzigo, msoma mita na mwalimu aliyealikwa wote ni wageni wa namna hiyo. Mlinzi au mfanyakazi wa nyumbani aliyeumwa akiwa kazini ana njia nyingine, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri alipe bila mfanyakazi kuthibitisha uzembe wa mtu. Dai hilo linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Katika Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, sehemu ya kaunti inataja udhibiti na ustawi wa wanyama, ukiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Ni nadra kwa katiba ya nchi kumtaja mbwa. Kwa mstari huo, Trans Nzoia na Bungoma zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi jukumu ambalo awali lilikuwa la mabaraza ya miji na manispaa. Kaunti hizohizo ndizo zinazosimamia hospitali na huduma za mifugo, hivyo sindano ya mtu na chanjo ya mbwa ziko chini ya paa moja. Kifungu cha 43 kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mwaka huohuo wa 2013 ulionyesha pengo kwa namna isiyosahaulika. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori iliweka fidia ya serikali ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Orodha yake ya wanyama ilimtaja hata mbwa mwitu. Mkulima wa Endebess, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, akijeruhiwa na chui ana hazina ya serikali ya kuiendea, hata kama malipo huchelewa. Akiumwa na mbwa wa jirani, mfuko pekee ulio mbele yake ni wa jirani huyo, ambaye mara nyingi hana bima wala mali ya kukamatwa.

Hatari yenyewe si ndogo. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya wataalamu, na 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Chanjo ambayo Louis Pasteur aliijaribu kwa mtoto Joseph Meister Julai 1885 ndiyo asili ya sindano za leo, ambazo hutanguliwa na kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15. Mpango wa Kenya wa 2014 hadi 2030 unalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote. Sindano zinapokosekana katika hospitali ya umma, familia huzinunua kwenye maduka ya dawa, na hapo ndipo afya inapokutana na sheria: kila risiti ni sehemu ya dai.

Mahakama za Kenya hutenganisha mafungu mawili ya fidia. La kwanza ni hasara halisi: sindano, nauli, ada ya daktari, mshahara uliokatwa. Katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, ya 1985, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba hasara hizo lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Mdai asiye na risiti huondoka mikono mitupu kwa fungu hilo. La pili ni maumivu, kovu, ulemavu na hofu, ambayo hakimu huyakadiria kwa kulinganisha na hukumu za majeraha ya namna moja. Ushahidi wa msingi ni namba ya kitabu cha matukio (OB) kutoka kituo cha polisi, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari, kadi ya sindano, picha za jeraha likiwa bado bichi, na majina ya walioona. Kovu la usoni la mtoto wa kike au wa kiume huongeza kiasi. Kumchokoza mbwa hukipunguza, na kuingia boma la watu bila ruhusa kunaweza kuliangusha dai lote.

Si kila dai hufika kwa hakimu. Mengi humalizwa kwa chifu au mzee wa mtaa, mwenye mbwa akilipa sindano na kuahidi kumfunga mnyama wake, na Kifungu cha 159 cha Katiba kinaitambua njia hiyo. Udhaifu wake ni kwamba makubaliano hufanywa mapema, kabla ya sindano ya mwisho na kabla ya kujulikana kama kidole kitakunjika tena. Yakiandikwa na kutiwa saini kuwa malipo ya mwisho, huweza kumfungia mtu mlango wa mahakama. Wanaokwenda mbali zaidi huenda kwa mahakama za mahakimu, na rufaa zao husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Kitale na Bungoma. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 nayo inataja fidia ya majeraha ya mwili, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na uamuzi ndani ya siku 60, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu mipaka ya mamlaka hayo katika kesi za ajali za magari.

Muda wa kushtaki mtu binafsi ni miaka 3 tangu siku ya kuumwa. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18, lakini mzazi au mlezi anaweza kufungua kesi kwa niaba yake hata kabla ya hapo.

Mbwa koko ndiye aliyebaki nje ya karibu kila kanuni iliyotajwa. Hana mwenyewe, hana lango, hana historia ya tabia inayoweza kushuhudiwa. Anayeumwa naye sokoni Chwele au karibu na stendi ya Kitale anaweza tu kuielekeza hoja yake kwa kaunti, akisema kwamba iliyopewa kazi ya kudhibiti wanyama ilizembea. Hoja hiyo ina msingi katika Katiba, ila ni nzito kuithibitisha, kwa kuwa mdai atatakiwa kuonyesha kwamba mbwa hao walijulikana, waliripotiwa, na hakuna kilichofanyika. Barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri katika ofisi ya mifugo kabla ya tukio huwa na thamani kubwa hapo. Muda nao ni mfupi: Sura ya 39 ya Sheria za Kenya inataka kesi za namna hii dhidi ya serikali na mabaraza ya mitaa zifunguliwe ndani ya miezi 12.