Kilo moja kwa siku: Simiyu na chakula cha vita

Mvua zikishakatika, mawe makubwa ya Usukuma hugeuka vyanikio. Akina mama wa Bariadi, Itilima na Maswa humenya viazi vitamu, huvikatakata na kuvitandaza juani. Vikianikwa vibichi ni michembe; vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Tobolwa kavu ni gumu kama kokoto, lakini litie mdomoni na funda la maji, litalainika taratibu na kutoa utamu wake wote. Halidai moto wala sufuria.

Naanzia hapo kwa sababu vita vyetu vimesimuliwa sana kwa bunduki na kidogo mno kwa chakula. Wagiriki wa kale walijua uzito wa jambo hili. Mwaka 431 KK, Sparta ilipoivamia Athens, Pericles, kiongozi wa Athens, aliwaingiza wakulima ndani ya kuta na kuyaacha mashamba yao yaharibiwe, akitegemea ngano iliyoletwa kwa meli, nyingi ikitoka Bahari Nyeusi. Mwaka 405 KK Lysander wa Sparta aliziteka meli za Athens kule Aegospotami, kisha akaifunga bandari. Mwaka uliofuata mji ulisalimu amri kwa njaa.

Usukuma haukungoja meli. Mtama na uwele vilikaa kwenye vihenge vya nyumbani, na sehemu ya mavuno ilipelekwa kwa mtemi, ambaye ghala lake lilitazamiwa mwaka wa njaa. Lakini chakula kilichohifadhiwa nyumbani kina hatari yake: jeshi likipita, linajua pa kukikuta.

Ndivyo ilivyokuwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Majeshi ya pande zote yalichukua nafaka na ng'ombe wa wananchi, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo.

Tupige hesabu ya mpagazi mmoja. Kichwani ana kilo 25 hivi za unga. Kwa siku anahitaji kama kilo moja. Akila mzigo wake mwenyewe, baada ya siku 25 umekwisha. Na kama lazima ale pia wakati wa kurudi, basi akitumwa mwendo wa siku 12 hafikishi karibu chochote. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi zaidi walikamatwa ili kuwalisha wapagazi waliotangulia. Upande wa Waingereza pekee walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, yakiwamo ya kuhara yaliyochochewa na unga usioiva vizuri. Naliona hilo kuwa dhuluma kubwa kuliko zote za vita ile, kwani waliobeba chakula ndio waliokikosa.

Ugogo, eneo la Dodoma, ndiko kulikoumia zaidi. Nafaka na mifugo vilipokwisha kuchukuliwa, mvua nazo zikagoma, ikaja njaa ya Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa.

Vita vya Kagera vilikuja kwa sura nyingine. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera Oktoba 1978, yalipora ng'ombe na kuharibu kiwanda cha sukari. Jeshi letu lilipanuka upesi kwa kuingiza mgambo na wengineo, hadi likapita watu 100,000, na wote hao walitaka kula kila siku. Wananchi walichangia ng'ombe, nafaka na fedha. Safari hii waliombwa, nao wakatoa. Kwangu mimi, tofauti hiyo na 1916 ni kubwa kuliko tofauti ya silaha.

Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa, Aprili 1979, sasa ni mzee. Wewe msomaji wa Bariadi, Meatu au Busega, kama unaye nyumbani, kaa naye jioni moja umuulize: zizi lenu lilitoa nini, nani alikuja kuchukua, na mlibaki mkila nini? Andika majibu yake, na tarehe, kwenye daftari.