Faranga Moja kwa Mwaka

Reli inayopita Dodoma tumezoea kuiita ya Mjerumani, basi, yakaishia hapo. Mbelgiji tumemsahau.

Julai 1916 Waingereza waliiteka Dodoma. Septemba, Wabelgiji washirika wao wakaingia Tabora. Vita vilipokwisha wakagawana. Kwa mkataba wa Machi 15, 1921, Mbelgiji akapangishwa viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka! Mizigo ya Kongo ikakatiza huku kwetu bila ushuru.

Na Mgogo je? Vita vilimpokonya ng'ombe na nafaka, ukame ukamalizia. Ndiyo njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Mezani hakuitwa.

Mwishoni mwa Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Nyerere aliikataa mikataba ile. Hoja yake nyepesi lakini nzito: Mwingereza alikuwa msimamizi tu, na msimamizi hawezi kupangisha nyumba ya watu milele.

Waandishi wenzangu, tunahangaika kutafuta visa vya riwaya mbali. Kimoja hiki hapa: upande huu faranga moja, upande ule makaburi ya Mtunya.