Posho ya Nyumba ya Askari

Neno posho wazee walilijua kuwa ni chakula: kibaba cha nafaka apewacho mpagazi au askari njiani, au kipande cha nguo cha kununulia chakula hicho. Siku hizi twasikia posho ya nyumba, wala hakuna astaajabuye kwamba nyumba imepewa jina la unga. Twapenda kueleza habari hii tukiwa Madaba, penye njia itokayo Songea kwenda Njombe, maana nchi hii imewaona askari wa kila namna.

Asili ya shauri ni hii. Askari hakai apendapo, hukaa aamriwapo. Kwa hiyo amwamuruye hana budi kumpa mahali pa kulala, au fedha za kupangia. Kwa askari mwenyewe si taabu, hema humtosha. Taabu ni mkewe na watoto.

Wajerumani walipoweka boma lao Songea, askari alilipwa mshahara kwa rupia, akakaa na jamaa yake na watumishi wake katika nyumba zilizo karibu na boma. Wakati huo huo, kwa amri ya mwaka 1897, mwanakijiji alitozwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Basi nyumba ya mmoja ilikuwa hifadhi, na ya mwingine ilikuwa deni. Nao waliotumwa kulidai deni lile walikuwa askari hao hao. Twaliona jambo hili kuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha moto wa Majimaji mwaka 1905.

Vita Vikuu vilipofika, boma halikuwa makao tena. Mwaka 1916 Waingereza waliishika Songea. Von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 kuingia Msumbiji, akarudi Septemba 1918, akapita nchi ya Songea kuelekea Ubena. Nyuma ya askari wake walifuata wanawake, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Safari yenyewe ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikata shauri kuwalipa mishahara yao wazee waliosalia wa askari wale. Walioitwa kupokea walikuwa askari; waliobeba vyungu vyao ni habari nyingine.

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, vijana wa Tanganyika waliingia King's African Rifles, wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Safari hii mke alibaki kijijini. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake wapewe watu wake, nayo ikalipwa kwa mkono wa ofisi ya wilaya. Na kutoka Madaba hata Songea kwa miguu ni mwendo wa siku kadhaa. Tena ilimpasa mke ajulikane kuwa ndiye. Jambo hili halikuwa la Waafrika peke yao: katika Uingereza, kabla ya 1914, mke aliyeolewa na askari pasipo ruhusa ya wakubwa hakutambuliwa na jeshi, wala hakupewa chumba katika kambi.

Huko Marekani sheria ya mwaka 1949 iliweka posho ya makao, na tangu 1998 posho mbili zimeunganishwa kuwa moja, ikipimwa kwa cheo cha askari, kwa kuwa ana wategemezi au hana, na kwa kodi ya pango ya mahali alipowekwa. Hesabu nzuri kwa mtu wa mjini. Lakini twamfikiri mwanamke wa Madaba, mumewe yuko Burma mwaka 1944. Hakupanga kwa mtu, hivyo nyumba yake huhesabiwa kuwa ni ya bure. Nyasi za paa zinaoza, mchwa wanakula nguzo, na mvua za Novemba zinakaribia. Aliyezoea kupanda juu kuezeka hayupo, na atakayeitwa badala yake atataka pombe na chakula cha siku nzima.